Kukariri Baiolojia na Kemia hadi zikae kichwani: mwongozo kwa anayeutaka udaktari wa meno

Nilipofanya pepa ya Baiolojia ya kidato cha sita kwa mara ya kwanza, mada ya figo nilikuwa naijua kwa ukurasa wake. Nilijua mchoro wa nefroni, kijirija cha figo kinachochuja damu, uko upande wa kushoto wa daftari langu la kaunta, chini ya doa la chai, na maelezo ya homoni nimeyapigia mstari kwa rangi ya waridi. Swali likaja. Nikaliona doa la chai, nikaiona rangi ya waridi, lakini maneno yenyewe hayakuja. Nilipata E. Mwaka uliofuata nikarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikiishi kwa shangazi Tabata, na ndani ya mwaka ule nikajifunza kwamba kulitambua jambo ukiliona ni kitu kimoja, na kulitoa kichwani wakati hulioni ni kitu kingine kabisa. Leo natibu meno, na jioni nasaidia vijana wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) hapa mtaani. Haya ninayoandika ndiyo ninayowafanyisha.

Kwanza tuelewane kuhusu mlango wenyewe. Hapa Tanzania, kijana anayetoka advansi haingii udaktari wa meno kwa mtihani maalumu wa meno. Anaingia kwa matokeo ya kidato cha sita katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, kisha anaomba chuo. Kozi yenyewe pale MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, Upanga, ni miaka 5, na baada yake kuna mwaka wa mafunzo kazini. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi, kwa hiyo kufaulu tu hakutoshi. Alama A inaanzia 80, B inaanzia 70, C inaanzia 60. Mdogo wangu, kati ya 58 na 72 kuna mambo mengi ambayo uliyaelewa darasani na ukashindwa kuyakumbuka siku ya mtihani. Hayo ndiyo tunayoyatafuta.

Hatua ya kwanza: jua unadaiwa nini

Usianze kwa kufungua daftari ukurasa wa kwanza. Tafuta muhtasari wa somo unaotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na fomati ya mtihani kutoka NECTA, yaani Baraza la Mitihani. Kwenye tovuti ya NECTA kuna pia ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Zisome. Zinaonyesha swali kwa swali wapi watahiniwa waliteleza, na mara nyingi zinaweka sampuli ya jibu zuri na jibu baya. Vijana wengi wanalipia tuisheni na hawajawahi kuifungua hata moja.

Ukishapata muhtasari, andika mada zote kwenye karatasi moja kubwa ya manila, kisha gawa kila mada katika mafungu matatu: mambo ya kuelewa, mambo ya kukariri, na mambo ya kufanya kwa mikono. Osmosisi ni ya kuelewa. Majina ya kemikali za mzunguko wa Krebs, njia ambayo seli hupitia kupata nishati kutoka kwenye chakula, ni ya kukariri. Kupanga namba za oksidisho ni ya kufanya, tena mara hamsini. Anayekariri kitu cha kuelewa atasahau, na anayejaribu kuelewa kitu cha kukariri atapoteza siku nzima akitafuta sababu ambayo haipo.

Hatua ya pili: elewa kwa Kiswahili, hifadhi kwa lugha ya mtihani

Hapa ndipo wengi wanapoumia, na walimu hawalisemi vya kutosha. Tunafikiri kwa Kiswahili, tunaulizwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi anameza aya nzima ya Kiingereza ambayo hajaielewa, na swali likigeuzwa kidogo tu anabaki ameduwaa.

Fanya hivi. Soma kipande kifupi, labda nusu ukurasa. Funga kitabu. Jieleze kwa Kiswahili cha nyumbani, kama unamweleza mdogo wako wa darasa la saba: damu inaingia kwenye kichungio kwa mshipa mpana, inatoka kwa mshipa mwembamba, kwa hiyo shinikizo linapanda na maji yanakamuliwa nje pamoja na vitu vidogo. Ukikwama katikati, hujaelewa. Rudi kwenye kitabu. Ukishaweza kueleza bila kukwama, ndipo uandike istilahi za Kiingereza pembeni, kwa tahajia yake kamili, na uzitamke kwa sauti. Tahajia ni alama. Yureta na yurethra zinafanana masikioni, lakini moja inatoka figoni kwenda kibofuni na nyingine inatoka kibofuni kwenda nje, na msahihishaji hawezi kukukisia ulimaanisha ipi. Mitosisi na meyosisi ni hivyo hivyo.

Hatua ya tatu: tengeneza kadi, tena zitengeneze mwenyewe

Nenda Kariakoo au duka lolote la vifaa vya shule, nunua manila, ikate vipande vya ukubwa wa kiganja. Upande mmoja swali, upande wa pili jibu. Kadi moja ibebe jambo moja. Nimeona kadi zimeandikwa "Eleza kazi za figo" na nyuma kuna mistari kumi na miwili. Hiyo ni daftari iliyokatwa vipande. Hutajua ni mstari upi umeushika na upi umekutoroka.

Figo ile ile iwe hivi. Kadi ya kwanza: kati ya ateriole (mshipa mdogo wa damu) inayoingia glomerulasi, kile kichungio, na inayotoka, ipi ni pana? Inayoingia. Ya pili: upana huo unasaidia nini? Unaongeza shinikizo la uchujaji. Ya tatu: kwa mtu mwenye afya, glukosi hurudishwa kwenye damu sehemu ipi ya nefroni? Mrija wa kwanza uliojikunja. Ya nne: homoni ya ADH hutengenezwa wapi na hutolewa kutoka wapi? Hutengenezwa hipothalamasi, hutolewa tezi ya pituitari upande wa nyuma. Ya tano: kwa siku figo huchuja takriban lita ngapi, na mkojo ni kiasi gani? Lita 180 zinachujwa, mkojo ni lita 1 hadi 2. Hiyo ya tano ukiielewa vizuri inakufundisha mada nzima ya ufyonzaji, kwa sababu lazima ujiulize lita zile nyingine zimekwenda wapi.

Ukiwa na simu ya Android, programu ya Anki haina malipo, na ukishaipakua inafanya kazi bila bando. Ni nzuri na inakupangia tarehe yenyewe. Lakini hata kwenye simu, usichukue kadi za watu wengine. Kazi ya kuamua swali liwe nini ndiyo nusu ya kukariri. Na simu ina WhatsApp, hilo unalijua mwenyewe. Mimi bado napendelea manila.

Hatua ya nne: maboksi matatu

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana na kupima anasahau kwa kasi gani. Aligundua kwamba usahaulifu una haraka kubwa mwanzoni, saa chache za kwanza, kisha unapunguza mwendo. Kwa hiyo marudio ya kwanza yasichelewe, na yanayofuata yaachane zaidi na zaidi.

Chukua maboksi matatu ya viatu. Kadi zote mpya zinaanza boksi la kwanza, ambalo unalipitia kila siku. Kadi uliyoijibu sawa inahamia boksi la pili, la kila siku ya tatu. Ukiijibu sawa tena inakwenda la tatu, la kila wiki. Ukikosea, hata kama ilikuwa boksi la tatu, inarudi la kwanza bila huruma. Mpango huu wa maboksi ulienezwa miaka ya 1970 na Sebastian Leitner, naye wa pande hizo hizo za Ujerumani na Austria, na haujapitwa na wakati.

Kadi mpya zisizidi 15 au 20 kwa siku kwa masomo yote. Najua unajisikia una nguvu ya 60. Zile 60 zitarudi zote kwa mkupuo keshokutwa, na wiki ya pili utayasukuma maboksi chini ya kitanda. Kadi 15 kwa siku 100 ni kadi 1,500, na hizo zinabeba sehemu kubwa sana ya mambo ya kukariri.

Hatua ya tano: karatasi tupu

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo wanafunzi wanaikimbia, kwa sababu inauma.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Kundi moja lilisoma habari mara nne. Kundi jingine lilisoma mara moja, kisha likajipima mara tatu kwa kuandika linachokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5, waliosoma mara nne waliongoza, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja waliosoma tu walibaki na asilimia 40, na waliojipima walikuwa na 61. Zitazame hizo namba kwa makini. Kusoma tena na tena kunakupa hisia ya kujua usiku ule ule, na mtihani haufanyiki usiku ule ule. Doa langu la chai lilikuwa hilo.

Basi, kila ukimaliza mada, subiri siku moja. Kesho yake kaa na karatasi tupu, weka dakika 20, andika na uchore kila unachokumbuka. Hakuna kuchungulia. Ukikwama, kaa na kule kukwama dakika mbili tatu, usikimbilie daftari, maana ile kuvuta ndiyo inayojenga. Muda ukiisha, fungua kitabu, chukua kalamu nyekundu, jaza ulichosahau na usahihishe ulichokosea. Wino mwekundu ndio unaokuambia kadi mpya za kesho. Hifadhi karatasi hizo kwa tarehe. Baada ya mwezi utaona nyekundu inapungua, na hakuna maneno yangu yatakayokupa moyo kama huo.

Hatua ya sita: mambo yasiyo na mantiki yafungie kwenye maneno yako

Vitabu vya nje vina vifupisho vya kukumbukia, lakini vimetungwa kwa lugha ambayo haichekeshi mbavu zako wala haigusi jiko lenu. Tunga vyako.

Mzunguko wa Krebs una kemikali nane: sitreti, isositreti, ketoglutareti, saksinili-koA, saksineti, fumareti, maleti, oksaloaseteti. Kwa herufi zinazoanza kwa Kiingereza ni C, I, K, S, S, F, M, O. Kwangu hiyo ni sentensi ya barazani: "Chai ile kali, sina sukari, fungua mfuko, ongeza."

Sasa ining'inizie na hesabu. Kaboni 6 ziko kwenye "chai" na "ile". Kutoka "ile" kwenda "kali" inatoka CO2 ya kwanza, zinabaki 5. Kutoka "kali" kwenda "sina" inatoka ya pili, zinabaki 4, na ni 4 hadi mwisho. Kila CO2 inapotoka hapo, NADH moja, mbebaji wa nishati, inapatikana. S mbili zisikuchanganye: ya kwanza bado ina koA mgongoni, na inapoutua mzigo huo na kuwa saksineti ndipo ATP, nishati ambayo seli huitumia moja kwa moja, inapatikana. Yaani nishati inakuja unapofika kwenye sukari. Kutoka hapo kwenda fumareti inapatikana FADH2, mbebaji mwingine wa nishati, F kwa F. NADH ya tatu ni ya mwisho, maleti inapogeuka oksaloaseteti. Jumla kwa mzunguko mmoja: NADH 3, FADH2 1, ATP 1, CO2 2. Glukosi moja inauzungusha mara mbili, kwa hiyo zidisha.

Kemia ogania nayo ina yake. Kanuni ya Markovnikov, inayosema haidrojeni huenda kwenye kaboni ambayo tayari ina haidrojeni nyingi, waswahili tunaijua siku nyingi: mwenye nacho huongezewa. Mabadiliko ya ethanoli usiyakariri kama orodha. Chora ramani, ethanoli katikati kama kituo cha daladala, na njia zinazotoka hapo: kwenda C2H4 kwa asidi ya salfuriki iliyokolea kwenye nyuzi 170, kwenda etha kwa asidi hiyo hiyo kwenye nyuzi 140, kwenda ethanali kisha asidi ethanoiki kwa oksidisho, kwenda esta ukiikutanisha na asidi ethanoiki. Joto linalobadilisha njia ndilo swali wanalolipenda. Ibandike ramani ukutani mahali unapopigia mswaki.

Na ukiwa hapo unapiga mswaki, kumbuka msawazo wa ioni, mada ambayo wengi wanaiona haina uso. Enameli, gamba la nje la jino, kwa uzito takriban asilimia 96 ni madini, hasa haidroksiapatiti, Ca10(PO4)6(OH)2. Bakteria wakila sukari wanatoa asidi. Asidi inazinyakua OH na fosfeti, msawazo unasogea upande wa kuyeyuka, na mdomo ukishuka chini ya pH 5.5 hivi jino linaanza kuliwa. Floraidi inapochukua nafasi ya OH, madini yanakuwa magumu kuyeyuka, yanavumilia hadi karibu pH 4.5. Ikizidi sana wakati meno ya mtoto yanajijenga, inaleta madoa ya kahawia, kama tunavyoona kwa waliokulia maeneo ya kuzunguka Mlima Meru ambako maji ya asili yana floraidi nyingi. Kanuni ya Le Chatelier, kwamba msawazo ukisumbuliwa husogea kuupunguza usumbufu huo, ukiiona mdomoni mwa mtu huisahau tena.

Fizikia sitaikalia. Fomula andika kadi, lakini muda uende kwenye maswali. Ukijua fomula inatoka wapi, huhitaji kuikariri mara mbili.

Hatua ya saba: changanya, na tumia barabara

Ukishakuwa na mada tano mkononi, acha kuzipitia moja moja. Changanya kadi za Kemia na Baiolojia, za kidato cha tano na cha sita. Itaonekana umerudi nyuma, lakini mtihani hauji na kichwa cha mada juu ya swali.

Barabara za jiji hili zinakula saa. Kwenye mwendokasi ya asubuhi kutoka Kimara huwezi kutoa kadi, umebanwa na mkono mmoja umeshika bomba. Jirekodi kwenye simu: uliza swali, nyamaza sekunde 10, kisha sema jibu. Sikiliza kwa kipokea sauti na ujibu kimoyomoyo kabla sauti yako haijakuwahi. Rekodi ya dakika 20 inabeba maswali kama 40.

Umeme ukikatika, hiyo ni saa ya mdomo. Binti mmoja niliyemfundisha alikuwa anakaa barazani na mama yake, ambaye huchoma vitumbua. Mama hakusoma sayansi. Alishika kadi karibu na kibatari, anafuata herufi kwa kidole huku binti akitaja, na binti akiruka anamwambia, "Hapa kuna moja umeiacha, inaanza na F." Baada ya wiki tatu mama alikuwa anajua sentensi ya chai nzima. Usiseme huna mtu wa kukuuliza. Anayejua kusoma herufi anatosha.

Hatua ya nane: pasti pepa kwa saa

Miezi miwili ya mwisho, kila Jumamosi asubuhi fanya pepa moja kwa muda kamili, mezani, bila simu. Nyumbani kukiwa na kelele, Maktaba Kuu ya Taifa barabara ya Bibi Titi ina meza na utulivu. Sahihisha jioni ile ile, na kila kosa ligeuze kadi. Mazoezi ya vitendo usiyasahau: rangi za vipimo vya chakula na za uchambuzi wa chumvi zinakaririwa kama mambo mengine, ila ni vema zaidi ukiwa umeziona kwa macho.

Kama unalenga shule za meno za Marekani, huko kuna mtihani maalumu uitwao DAT, unaosimamiwa na chama cha madaktari wa meno cha nchi hiyo. Sehemu yake ya sayansi ina maswali 100 kwa dakika 90: Baiolojia 40, Kemia ya jumla 30, Kemia ogania 30, na hakuna Fizikia. Yote ni ya kuchagua jibu, na kila swali lina chini ya dakika moja. Kadi na maboksi ni vile vile, ila mazoezi ya saa yawe mengi zaidi, na insha unaweza kuziacha.

Wiki ya mwisho hakuna kadi mpya. Pitia boksi la kwanza tu, wale wakorofi wanaorudi rudi. Na ulale. Ubongo huyapanga uliyosoma ukiwa usingizini, na anayekesha usiku wa kuamkia pepa anaiba kwenye akiba yake mwenyewe. Kama joto linakusumbua, oga maji ya baridi, fungua dirisha, weka chandarua, uwe umelala ifikapo saa nne usiku.

Yule binti wa vitumbua, asubuhi ya Baiolojia hakugusa daftari. Mama yake alimfungia vitumbua viwili kwenye gazeti, akasimama mlangoni, akamwambia, "Haya, chai ile kali." Binti alijibu hadi oksaloaseteti akiwa anafunga kamba za viatu.